Toyota, Nissan na mlima wa Kericho

Ukitaka kuwagombanisha madereva wawili pale steji ya Kisumu, usiwaulize habari za siasa. Waulize kati ya Toyota na Nissan gani ndilo gari. Nenda ukanywe chai, rudi, utawakuta bado hapo hapo, na makanga wao wameshaingilia kati, kila mmoja akilitetea linalomlisha.

Mimi nimekula pande zote mbili. Nilianza nikining'inia mlangoni mwa Nissan ya zamani, ile E24, sheria za Michuki zikiwa bado zinanuka rangi. Walio wadogo hawakumbuki: kuanzia Februari 2004, waziri wa uchukuzi John Michuki alilazimisha kila matatu ichorwe mstari wa manjano, iwekwe mikanda, ifungwe kidhibiti mwendo kisichopita kilomita 80 kwa saa, na Nissan zilizokuwa zikibeba watu 18 zibebe 14. Baadaye nikapata leseni, nikashika usukani wa Shark, yaani Toyota HiAce ile ya miaka ya tisini yenye uso uliolala. Baada ya hapo 7L, ile HiAce ya umbo la boksi iliyoanza kutengenezwa mwaka wa 2004. Mwisho nikapewa Nissan NV350. Njia yangu kubwa ilikuwa Kisumu, Kericho, Nakuru. Kazi ikikosekana huko, Kisumu hadi Kakamega. Kwa hivyo sina timu. Nina maoni tu, na mengi niliyapata barabarani kabla sijayapata garini.

Basi tuanze na barabara, maana anayelinganisha magari bila kusema yatapita wapi anapoteza wakati wa watu. Kisumu iko mita 1,130 hivi juu ya usawa wa bahari. Kutoka Nyamasaria hadi Ahero na Awasi ni uwanda wa mpunga na miwa; huko kila gari ni zuri, hata lile bovu la jirani. Baada ya Awasi mlima unaanza kudai haki yake: Kipsitet, Kapsoit, mji wa Kericho na mashamba yake ya chai, Chepseon, Londiani Junction, hadi Mau Summit, ambako umeshapita mita 2,400. Kisha unateremka Sachangwan na Salgaa katikati ya trela hadi Nakuru, mji ambao nao umeizidi Kisumu kwa mita 700 na kitu.

Hewa ya huko juu ni nyepesi, na bila hewa mafuta hayaungui sawasawa. Injini isiyo na tabo, kile kifaa cha kuisukumia hewa, hupoteza karibu asilimia moja ya nguvu zake kwa kila mita 100 inazopanda. Shark yangu ilikuwa na injini ya 5L, dizeli ya lita tatu isiyo na tabo, yenye nguvu za farasi 90 hivi ilipotoka kiwandani. Ikifika Mau Summit, karibu robo ya farasi hao wameshafia njiani, na waliosalia wanavuta watu 14, magunia ya omena, na mama mmoja anayeshikilia kwamba jogoo wake hahesabiki. Pampu ya mafuta haikuwa na habari kwamba tumepanda. Iliendelea kumimina dizeli kwa kipimo cha Kisumu, ndiyo maana moshi wetu uligeuka mweusi kadiri chai ilivyozidi kuwa kijani. Trela likikutangulia Kapsoit, hukuwa na la kufanya ila kulisindikiza.

Lakini Shark ile haikuwahi kuniacha njiani nikiwa sijui nianzie wapi. Pampu na nozeli za kunyunyiza dizeli zilifanya kazi kwa vyuma tu, hakuna kompyuta. Hewa ikiingia kwenye paipu ya dizeli unalegeza nati, unabonyeza pampu ya mkono mpaka mapovu yaishe, unakaza, unapiga stata. Fundi wa chini ya mti pale Awasi aliweza kuitengeneza huku akiongea na simu. Udhaifu wake mkubwa ulikuwa joto. Mlima mrefu kwa gia ndogo, rejeta yenye kutu, na mwenye gari anayeona maji ya mtungi ni sawa na kulanti, yale maji maalumu ya kupozea injini: hapo gasketi ya silinda hedi haina maisha. Wengi walisema 5L inapenda kuchemka. Mimi nilichoona ni kwamba inachemka kwa watu wasiosafisha rejeta.

7L niliyofuata kuiendesha ilikuwa na injini ya 1KD, lita tatu zile zile, lakini yenye tabo na nozeli zinazoongozwa na kompyuta. Tabo huisukumia injini hewa, kwa hivyo mlima hauinyimi pumzi kiasi kile. Farasi 144. Mara ya kwanza kupanda nayo Kapsoit nilidhani mlima umepunguzwa. Gia ya nne, abiria wamelala, trela tatu nyuma yetu kabla ya mji. Kwa wiki kadhaa nilikuwa mtu wa kuchukiza pale steji. Kila nikifungua mdomo ni 7L.

Mzee mwenye gari alikuwa na mpango wa kujaza dizeli kwa mkopo kwenye kituo kimoja cha njiani. Miaka hiyo mafuta ya taa yalikuwa rahisi kuliko dizeli kwa mbali, na kuyachanganya ilikuwa biashara ya watu. Ndiyo maana Septemba 2018 serikali iliyatoza mafuta ya taa shilingi 18 kwa lita, ili uchakachuaji usiwe na faida. Sisi yalitukuta kabla ya hapo. Jioni moja tukipita Chepseon injini ilianza kugonga, moshi ukawa mweupe, nguvu ikakata, taa ya injini ikawaka. Mvua ya Kericho wanaoijua wanaijua, haina haja ya kualikwa. Na kwenye HiAce injini iko chini ya viti vya mbele: ili uione unateremsha abiria wa mbele, unainua kiti, mvua inaingia pale pale unapotaka kushika. Niliinua, nikatazama, nikashusha. Hakukuwa na nati ya kulegeza.

Kisumu tulifika kwa kuvutwa. Fundi alichomeka mashine yake, akasoma, akachomoa.

"Omera, ni nozeli. Na hizi hazitengenezwi kwa nyundo."

Alinieleza vizuri, nami tangu siku hiyo nimewaeleza wengine. Kwenye injini hizi dizeli husukumwa kwa shinikizo linalopita baa 1,000, ikipenya kwenye vitundu ambavyo jicho halivioni. Dizeli hiyo hiyo ndiyo inayolainisha pampu na nozeli. Mafuta ya taa ni makavu. Ukiyachanganya humo, vyuma vinasagana. Tena nozeli ikianza kuvuja, dizeli inamwagika ndani ya silinda wakati si wake, na pistoni inaweza kupasuka. Bei ya nozeli nne mpya ilimfanya mzee akae kwenye tairi lililokuwa pale chini.

"Kijana wangu," akaniuliza, "gari la juzi linakufaje, na lile la miaka ya tisini bado liko barabarani?"

"Mzee, lile la miaka ya tisini linakula hata ugali uliolala. Hili linataka kupikiwa."

Hakucheka. Lakini hapo ndipo nilipoacha kuuliza injini gani ina nguvu, nikaanza kuuliza kitu kingine: mafuta ananunua nani? Gari linaloendeshwa na mwenyewe, anayejaza kituo kimoja anachokiamini na kubadilisha chujio la dizeli kabla ya wakati wake, 1KD na mdogo wake 2KD wa lita mbili na nusu ni baraka. Gari lililo mikononi mwa dereva wa leo, sikwodi (dereva wa kushikilia) wa kesho na deni la mzee kwenye kituo cha njiani, nguvu zile zile ndizo zitakazolimaliza. Nilipoanza kutazama hivyo, niliona kila sifa ya matatu ina upande wa pili unaolipiwa na mtu mwingine, na mara nyingi si yule aliyeifurahia.

Chukua mkanda wa taimingi, ule unaofanya valvu za injini zipatane na pistoni. 5L, 2KD na 1KD zote zinatumia mkanda, na ukikatika injini inajipiga ndani kwa ndani. Kwenye dashibodi kuna taa ya kukukumbusha kwenye kilomita 100,000. Ni jambo zuri, ila gari linatoka Japani likiwa limetumika, na mita inayosoma kilomita chache inaweza kuwa imerudishwa nyuma bandarini au kwenye yadi. Sheria yetu inaruhusu kuleta gari lisilozidi miaka minane, na miaka minane ya gari la kazi ni mingi. Mimi nikiulizwa husema: ukinunua 7L ya dizeli, badilisha mkanda kabla ya kubadilisha hata viti, mita iseme itakavyo. Ile Nissan E24 niliyoning'inia, yenye injini ya TD27, haikuwa na mkanda wala mnyororo. Meno ya gia yalishikana na meno ya gia. Ilipiga kelele mpaka abiria wa mbele walisalimiana kwa ishara, na mlimani ilikuwa ya aibu kuliko hata Shark. Lakini mkanda haukatiki pale ambapo hakuna mkanda.

NV350 nayo ni habari nyingine. Ilitoka mwaka wa 2012, na ya dizeli ina injini ya YD25, lita mbili na nusu, farasi 129. Kwa karatasi imezidiwa na 1KD. Wenzangu walinicheka nilipopewa. Kitu wasichokisoma ni nguvu ya kuvuta: NV350 ina nyutoni-mita 356, 1KD ina 300. Farasi wanakusaidia ukishakuwa kwenye mwendo. Kuvuta kunakusaidia unaposimamishwa na polisi katikati ya mlima wa Kapsoit, gari limejaa, halafu unaambiwa nenda. Hapo NV350 ilikuwa ikiondoka taratibu bila klachi kunuka. Kiti cha dereva pia nilikipenda. Nilifika Nakuru mgongo ukiwa bado wangu. Na YD25 inatumia mnyororo, si mkanda.

Udhaifu wake uko dukani. Spea ya 7L nitaipata Kondele, nitaipata Luanda, nitaipata Bungoma, mpya, ya mtumba na ya bandia, na nitachagua nidanganywe na nani. Sensa moja ya NV350 ilitufanya tulaze gari tukisubiri kifurushi kutoka Kirinyaga Road, Nairobi. Gari lililolala halina hesabu ya kupeleka jioni, lakini mkopo wa sacco haulali. Na siku ya kuliuza, mnunuzi wa Kisii au Busia anauliza kwanza kama ni Toyota. Ukisema hapana anaanza kushusha bei kabla hajafungua mlango.

Wanaobishana juu ya ukubwa, ipi ina nafasi kuliko nyingine, wanabishana bure. Vipimeni. HiAce ya kawaida ya umbo la boksi ina urefu wa mita 4.695 na upana wa mita 1.695. NV350 ya kawaida: urefu mita 4.695, upana mita 1.695. Haikutokea kwa bahati. Japani ina daraja la magari madogo ya mizigo, ambayo hayaruhusiwi kupita urefu wa mita 4.7, upana wa mita 1.7 na kimo cha mita 2, na kama ni ya petroli injini isizidi lita mbili. Ukivuka hapo, gari linahamia daraja jingine na masharti mengine. Kwa hivyo kampuni zote mbili zinajaza sanduku lile lile mpaka ukutani. Goti lako linalobanwa kati ya Awasi na Kericho lilipangiwa nafasi na sheria iliyoandikwa kwa ajili ya mafundi na wenye maduka wa Japani wanaopakia ngazi na makopo ya rangi.

Hilo linatuleta kwenye jambo ambalo abiria hawalijui na wenye magari hawalisemi. Nyingi za 7L na NV350 hizi zilizaliwa za mizigo. Zikifika hapa zinaingia gereji, zinawekwa madirisha, viti, mikanda, dari ya kitambaa na taa za rangi. Kazi nyingine ni nzuri, nyingine inatisha. Ukitaka kujua, usitazame kiti. Lala chini uchungulie uvunguni. Bolti ya kiti ikiwa imepita kwenye bati jembamba peke yake, bila kipande kipana cha chuma cha kuishikilia, siku ya ajali kiti hakitabaki na wewe, mtaondoka pamoja. Springi za nyuma nazo ni za majani, zilizopangiwa mzigo wa tani moja hivi. Watu 14 wa kilo 70 ni kilo 980, kabla ya gunia lolote. Kwa hivyo likiwa tupu gari linarusha, likijaa linatulia, ndiyo maana makanga akikwambia "ingieni, likijaa litakuwa laini," kwa mara moja hadanganyi.

Kiti cha nyuma kabisa sitakishauri kwa mtu ninayempenda. Kiko nyuma ya ekseli, na kila tuta la njiani linakipata kwa mkong'oto wake wote. Mama yangu mzazi akisafiri humwambia makanga, "Mwanangu, nipe pale nyuma ya dereva," na akikosa anasubiri gari lingine. Viti vya mbele watu wanavigombania kwa sababu ya kuona barabara. Kwa Kisumu, saa nane mchana, injini ikiwa chini ya makalio yako, ni kuona barabara ukiwa unachemshwa.

Dereva hagombanii, hana pa kwenda. HiAce zote nilizoendesha na Nissan zote nilizoendesha hazina pua mbele. Miguu yangu ilikuwa imetangulia tairi. Ndiyo siri ya nafasi: injini iko chini yetu, kwa hivyo urefu wote uliobaki ni wa abiria, na kukata kona katika soko la Kibuye ni rahisi kwa sababu unaona gari linapoishia. Lakini kati ya magoti yako na trela lililopoteza breki Salgaa kuna bati na kioo tu. Mwaka wa 2019 Toyota walitoa HiAce mpya yenye pua kwa masoko ya nje, ndefu na pana kuliko hizi zetu. Nimeipanda kama abiria, ile ya watalii, pale Nakuru na nilinyoosha miguu kwa raha. Bei yake si ya steji yetu, angalau bado.

Kuhusu breki nitasema machache kwa sababu hapa gari si la kulaumiwa sana. 7L na NV350 zote zina diski mbele na dramu nyuma, na zote zinatosha kama dereva anatumia gia. Kushuka kutoka Kericho hadi Kipsitet kwa gia ya tano na mguu kwenye breki ni kupika dramu. Utanusa kabla hujahisi. Kidhibiti mwendo hakisaidii kitu, kinabana mafuta, hakibani mteremko. Gia ya mkono kwenye njia hii ninaipenda kuliko otomatiki kwa sababu hiyo tu. Na mizigo juu ya keria, hasa viazi vya Molo wakati wa mavuno, inalifanya gari lolote kuwa gari jingine kwenye kona. Nimemkatalia mama wa viazi, akaniita majina, akapanda gari la nyuma yangu.

Siku hizi kuna pia Noah, Sienta na Probox, nazo zimetunyang'anya abiria wa haraka. Zina watu wachache, kwa hivyo zinajaa upesi, na abiria wa Kisumu hadi Kakamega anayekimbilia mahakamani hatasubiri watu 14. Kusubiri kujaa ni gharama ambayo haiandikwi popote. Upande wa pili Isuzu za watu 33 zinagawa bei ya mafuta kwa vichwa vingi, lakini zisipojaa ni msiba. Mwaka wa 2010 serikali ilitangaza kwamba matatu za watu 14 zitaondolewa polepole zipishe mabasi makubwa. Tembea hadi steji yoyote ya magharibi uone nani amempisha nani.

Haya yote yalinirudia juzi nilipopigiwa simu na dada ya mke wangu. Chama chao cha akina mama wa Nyamasaria kilikuwa kimefikisha akiba ya malipo ya kwanza ya gari, la njia ya Kakamega.

"Shemeji, tumeambiwa 7L ya dizeli, 1KD. Kwamba inakula kidogo na inapanda Kiboswa mbio."

"Shemeji, ni kweli. Mafuta atanunua nani?"

"Dereva."

"Yupi?"

"Tutamtafuta."

Nikamwambia wachukue 7L ya petroli, injini ya 1TR, lita mbili, gia ya mkono. Alinyamaza kidogo, halafu akanikumbusha kwamba petroli inakunywa zaidi na kwamba kila tarehe 14 EPRA, mamlaka ya nishati, ikitangaza bei ya mafuta wao husoma kwa kufunika jicho moja. Ni kweli inakunywa zaidi, na mlimani zaidi tena. Lakini njia ya Kakamega si njia ya Mau. Ukishamaliza kipande cha Mamboleo hadi Kiboswa, mlima mkubwa umeisha; kilichobaki ni kusimama na kuondoka, Majengo, Chavakali, mpaka mjini. Dizeli hizi za karibuni za Japani zina chujio la masizi kwenye egzosi, ambalo hujisafisha likipata moto wa mwendo mrefu. Ukilitembeza kwa kusimama kila hatua mbili linaziba, kisha mtu anakuja na grainda kulikata, na kompyuta inaanza kulalamika. Petroli ya 1TR haina tabo, haina nozeli za baa elfu, haina chujio hilo, na ina mnyororo badala ya mkanda. Plagi, oili, chujio la hewa, basi. Fundi yeyote wa Kondele anaijua.

"Kwa hivyo wewe mwenyewe ungenunua hiyo ya petroli?"

"Mimi? Hapana. Mimi ningechukua NV350 ya dizeli, niende Nakuru."

"Unatuuzia usichokitaka!"

"Ninyi hamwendi Nakuru, shemeji. Na mimi dizeli yangu nitainunua mwenyewe."

Walienda kuitazama wakiwa wanane, na fundi wao. Nilikuwa nimewaambia wafike asubuhi kabla muuzaji hajaiwasha, kwa sababu injini ya moto huficha mengi. Waliinua kiti cha mbele wakakuta injini imeoshwa iking'aa, jambo ambalo mimi hulitilia shaka, lakini ikawaka kwa mara moja bila moshi. Mmoja wao, mama mwenye kibanda cha samaki, alilala chini kwenye leso yake akachungulia bolti za viti. Nne zilikuwa kwenye bati tupu. Walikata gharama ya kuzitengeneza kwenye bei papo hapo, na muuzaji, ambaye nadhani hakuwahi kuona mnunuzi wa aina hiyo, alikubali.

Gari liko barabarani sasa. Malalamiko ya kwanza yalikuwa yale niliyoyategemea: dereva anasema inakunywa. Niliwashauri wasibishane naye. Wachukue risiti za mafuta na kusoma mita jioni, wagawanye. Shemeji amenunua daftari. Ijumaa, siku ya watu wengi, anapanda kiti cha mbele Kisumu hadi Kakamega na kurudi, anaandika. Wiki alizopanda, gari lilikunywa kidogo kuliko wiki ambazo hakupanda, na dereva sasa ameomba atafutiwe kazi kwenye gari la dizeli.